Mgonjwa wa Tisa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na shemeji je, mgongo umepata nafuu? Mimi mwili mzima. Moyo ndio unaochemka. Soma mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Kazi yangu unaijua: tunatengeneza lugha ya kuandikia programu, inayojivunia kwamba kitu kikishaandikwa hakibadiliki. Ila kuandika kamusi ndani yake, yaani orodha ya majina na thamani zake, kama vile mgonjwa na dawa yake, ilikuwa adhabu. Kila jozi uipachike peke yake, uhesabu mabano mpaka macho yaume. Nikapendekeza njia fupi: fungua mabano, jina, nukta mbili, thamani, funga. Basi! Mkuu wetu, tunayemwita Profesa ingawa hajawahi kumfundisha mtu, alinicheka mbele ya wote. Eti huo ni uvivu uliopakwa sukari. Nikaijenga peke yangu, miezi minane.

Jumatatu wakaja wageni kutoka hospitali moja inayofikiria kuitumia lugha yetu. Profesa akasimama, akaonyesha kazi yangu, akasema, "Wazo hili nimelilea miaka miwili." Dada, nilitamani kumrushia kiti! Wenzangu wote wakatazama viatu vyao.

Akamkaribisha mfamasia wao aandike mwenyewe orodha ya wodi. Mama yule akaandika wagonjwa tisa. Skrini ikarudisha wanane. Profesa akababaika, akasingizia mashine. Mfamasia akapitisha kidole jina kwa jina, akagundua kwamba wagonjwa wawili wana jina moja, na wa pili amemfuta wa kwanza kimyakimya. Akauliza, wala hakupaza sauti, "Na huyu aliyepotea angepewa dawa gani?"

Wageni wakakusanya vitu vyao, wakaondoka.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Kasoro ile niliijua wiki mbili kabla. Niliposikia Profesa ndiye atakayeonyesha, nikaiacha makusudi, aumbuke. Mwizi ameumbuka, sawa, lakini mimi nilichezea dawa ya mtu. Hasira yangu kwake haijapungua hata chembe. Ila sasa najikasirikia na mimi pia.

Jana nimeirekebisha: jina likirudiwa, lugha inakataa katakata. Kesho asubuhi nakwenda kwa mfamasia yule kumweleza yote, Profesa apende asipende. Nikifukuzwa, niandalieni pa kulala.

Wakumbatie watoto, na mama mwambie nakula vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Machachari