Pa Maji, Pana Maji

Jumanne, 4 Oktoba 1955

Nimechoka, lakini nina furaha. Baraza la bondeni limekwisha salama. Saa nne nzima nimesimama juani kati ya Bwana Haraka na wenyeji, Kiswahili kinaingia masikioni, Kiingereza kinatoka mdomoni. Sikukwama hata mara moja!

Bwana Haraka ndiye Bwana mpya wa mipango ya mji hapa Iringa. Ana miezi mitatu tangu atoke Ulaya, na Kiswahili chake ni maneno mawili, haraka na chai. Watu wakachagua la kwanza wakamwita. Anataka kujenga nyumba arobaini za makarani na mafundi wa Kiafrika kule bondeni, kando ya mto. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba viwili, jiko nje. Sheria inasema wenyeji waulizwe kwanza. Basi tumewauliza.

Wamesema mengi – malisho, njia ya ng'ombe, makaburi. Mwisho akasimama bibi mmoja mjane, Yudith. Alisema wao tangu zamani wanakaa juu, mlimani, pale chini ni pa maji. Nikamwambia Bwana, maji yapo pale. Bwana akafurahi sana, akaandika kwenye fomu yake, penye mstari wa maji. Alikuwa na wasiwasi wa kuvuta bomba kutoka mbali.

Nami nimeomba moja ya nyumba hizo. Miaka miwili sasa nalala chumba kimoja na Kasian seremala, Mbena mwema anayekoroma kama msumeno wake. Mke wangu Ikupa na mtoto wetu Tusa wanakaa Mbalizi kwa kaka yangu. Likizo iliyopita Tusa alinikimbia akajificha nyuma ya mama yake. Alidhani mimi mgeni.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimepiga taipu kumbukumbu za baraza. Chini nimetia sahihi kwamba mimi, Anyitike, mkalimani, nimetafsiri kwa kweli na uaminifu. Halafu orodha ya waombaji wa nyumba. Mimi ni namba kumi na saba. Hiyo niliipiga polepole.

Tangazo limebandikwa boma na sokoni. Mwenye pingamizi alete kwa maandishi kabla ya jioni ya Ijumaa, 11 Novemba. Kikao cha mwisho, kwa mdomo, Jumatano, 30 Novemba. Baada ya hapo ni matofali.

Jumapili, 9 Oktoba

Sina raha kabisa.

Tulipotoka kanisani Bibi Yudith aliningoja mlangoni. Akanisalimu kwa Kihehe, kamwene, karani. Kamwene, bibi. Akaniuliza Mzungu alijibu nini habari ya maji. Nikasema alifurahi.

"Alifurahi?"

Alinitazama kama anayetazama mtu mgonjwa. Ndipo akanieleza. Mwaka uliofuata ule wa nzige mto ulipanda usiku mmoja ukachukua nyumba ya kaka yake na watu sita ndani. Hawakuzikwa. "Tungezika nini?" Tangu hapo hajengi mtu pale. Ng'ombe tu, tena kiangazi tu. "Maji yametoka kutembea, mwanangu. Pale ndio kwao. Yatarudi."

Pale ni pa maji. Maana yake maji ndiyo wenye mahali. Mimi nikatafsiri pana maji. Silabi moja! Mtoto wa darasa la tatu hakosei hapo.

Akauliza, "Lakini ulimwambia maneno yangu?" Nikasema nilimwambia.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimekwenda mlangoni kwa Bwana mara mbili. Mara ya kwanza nikaomba wino. Mara ya pili akasema haraka, haraka, nikaomba wino tena. Sasa nina chupa mbili.

Mchana kutwa nilijifariji. Ni jua. Ni uchovu. Ni Kiswahili cha bibi, Kiswahili cha milimani, nami si Mhehe, nitajuaje. Kisha nimefungua ukurasa wa tarehe nne katika daftari hili. Mkono wangu mwenyewe umeandika: pale chini ni pa maji. Kumbe nilisikia. Nilisikia sawasawa, na mdomo ukasema lingine.

Kwa nini? Sijifanyi sijui. Ni namba kumi na saba.

Nikimwambia Bwana, sahihi yangu ni ya uongo na kazi imekwisha. Nisipomwambia, watu arobaini na wake zao na watoto wao watalala pale masika. Nimemwuliza Kasian, kwa mafumbo, kama habari ya mtu mwingine. Amesema huyo mtu anyamaze, mvua ikija itasema yenyewe. Nikamwambia itakuwa imechelewa. Akasema, "Basi mwambie huyo mtu aache kunisumbua nikila."

Alhamisi, 20 Oktoba

Taherali mwenye duka anajua Kiingereza kunishinda. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayeniokoa. Akiandika yeye, mimi sitajwi.

Ajabu, hakukataa. Alisema lori la marehemu baba yake lilikwama pale, maji yakafika kwenye kioo, wakalitoa baada ya siku kumi na moja. Mke wake, Sakerbanu, akaongeza kutoka nyuma ya pazia kwamba kiti cha dereva mpaka leo kinanuka. Ataandika, lakini ananionya mapema. "Watasema Taherali nataka kiwanja mimi, kwa duka. Utaona, bwana."

Nilitoka pale mwepesi. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 26 Oktoba

Barua ya Taherali imefika mezani kwangu, kurasa mbili, nzuri. Nimeiandika kwenye rejista nikaipeleka. Bwana aliisoma amesimama. Akasema mfanyabiashara huyu anataka kiwanja kwa duka. Akaandika pembeni neno moja, maana yake haina uzito, akanirudishia nikaifungie kwenye faili.

Jumamosi, 29 Oktoba

Barua ya Ikupa. Ameandikiwa na mwalimu, lakini maneno ni yake, hata ukali ni wake. Nyumba ya kaka ni ndogo na imejaa. Shemeji hasemi kitu ila anagonga sufuria. Baba yake Ikupa ametuma neno kutoka Tukuyu: kama Krismasi itafika bila mume kuwa na nyumba, atamchukua binti yake na mjukuu wake. Mwisho ameandika kwamba hangoji tena, anakuja mwenyewe aione hiyo nyumba ninayoiandika kila mwezi.

Nilimwandikia vigingi vimepigwa. Niliandika pia bati limeagizwa. Sijui niliandika kwa nini.

Ijumaa, 11 Novemba

Siku ya mwisho ya maandishi.

Juzi niliandika barua, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. Nilieleza yote, nzige, watu sita, lori, maana ya pa maji. Nikaitia posta mwenyewe. Sikutia jina. Leo asubuhi imeletwa boma na imewekwa mezani kwa nani? Kwa karani wa rejista. Kwangu. Nikaiandika kwenye rejista kwa mkono wangu wa kila siku, nikampelekea Bwana.

Akatazama mwisho wa ukurasa tu. Hakuna jina. Akasema barua isiyo na jina haisomwi, ndiyo kanuni, ichane.

Nilisimama.

Haraka, akasema.

Nikaichana. Mbele yake, vipande vinne, halafu vinane. Alikuwa na neno moja la kuongeza, kwamba anashukuru kuwa na karani mwangalifu. Mwangalifu, Mungu wangu! Nimetoka nikakaa chooni mpaka kengele ya saa nane.

Jumapili, 13 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Kasian ni tumbo.

Jumamosi, 26 Novemba

Wamefika! Basi la Mbeya lilichelewa, vumbi mpaka kwenye kope. Ikupa amekonda. Tusa hakukimbia safari hii, alinipa kiatu chake nimshikie. Kasian amehamia kwa binamu yake bila kuambiwa na ametuachia chungu cha maharage. Sitamsema tena kwa kukoroma.

Ikupa alitandika, akaogesha mtoto, akasema, "Kesho, Baba Tusa, unionyeshe."

Jumapili, 27 Novemba

Nimewapeleka. Ningefanya nini?

Bonde zuri, wallahi, hata mimi nalipenda. Nyasi zimekauka, mto mwembamba uko mbali, unasikika kwa shida. Nikamwonyesha vigingi vyeupe, namba kumi na saba. Ikupa alikwenda kona kwa kona akipima kwa hatua. Hapa jiko. Hapa kamba ya nguo. Hapa migomba mitatu, hata minne. Alicheka. Sijasikia kicheko hicho tangu mwaka jana, na nilijiambia Anyitike, nyamaza, nyamaza milele, labda masika ya mwaka huu yatakuwa madogo.

Halafu akavua viatu. Mwanamke wa Tukuyu havai viatu shambani. Akachimba kwa kidole cha mguu, udongo mweusi, bado umelowa, na kiangazi hiki chote! Akainama. Kuna vishimo, vingi, kila mahali kati ya vigingi. Nilivikanyaga mara ngapi sikuviona. Akaingiza kijiti akamtoa kaa. Kaa wa mtoni, mzima, ananyoosha gando.

"Baba Tusa. Kaa wamefuata nini huku mbali na mto?"

Alisimama akautazama mto, akatazama vigingi, akatazama milima ambako nyumba zote za Wahehe ziko. Watu wa kwetu hawafundishwi maji, wamezaliwa kwenye mvua. Akasema taratibu, wala si kwa kunilaumu, "Hapa si pa watu. Hapa ni pa maji."

Maneno yaleyale. Hajawahi kumwona yule bibi.

Nikamwambia yote, palepale, Tusa akimchokoza kaa kwa kijiti. Nilitegemea alie. Aliuliza kitu kimoja tu. Kati ya watu wote wa baraza lile, wangapi wanajua Kiingereza? Nikasema Bwana, na mimi.

Akavaa viatu. Akambeba Tusa akatangulia.

Jumanne, 29 Novemba

Mvua ya kwanza. Kubwa. Ikupa amerudi sokoni amelowa, anasema amekutana na bibi fulani Mhehe, wamesemezana. Nimeuliza wamesemezana nini. Ya wanawake, anasema. Maji yakimwagika hayazoleki, nilimwambia. Akajibu kwamba haya bado hayajamwagika, yako mdomoni mwangu.

Jumatano, 30 Novemba

Naandika kikaoni. Daftari liko chini ya karatasi za kumbukumbu, mwenye kuniona atadhani nafanya kazi.

Ukumbi umejaa. Bwana Haraka yuko peke yake mezani, ramani mbele yake, fomu yake ya zamani kando. DC, mkuu wa wilaya, yuko safarini. Taherali hakuja, ametuma salamu kwamba yeye ameshasema. Mvua inapiga bati tangu saa mbili. Bibi Yudith yuko mstari wa mbele. Kando yake amekaa Ikupa, Tusa mapajani. Hakuniambia kama anakuja.

Wamesema wanne. Malisho tena, makaburi tena. Nimetafsiri vizuri.

Saa nne bibi akasimama akasema. Mvua ilikuwa kubwa lakini nilimsikia, nilimsikia kila neno. Bwana akaniuliza anasema nini. Nikasema sikusikia, Bwana, ni mvua. Bwana akasema tunywe chai mpaka mvua ipungue. Petro naye alikana mara tatu. Mimi ya kwanza barazani, ya pili kanisani, ya tatu hii, kabla ya chai. Wino umemwagika kwenye kumbukumbu.

Wakati wa chai Ikupa alikuja mezani kwangu. Nilidhani atanitukana, ningeshukuru. Akasema shemeji atagonga sufuria zake na baba atasema ya kwake, yeye atarudi Mbalizi na kungoja tena, amekwisha zoea. Halafu akasema, "Nitakaa mbele. Kiingereza sikijui, lakini uso wako naujua."

Bwana amerudi. Mvua imepungua, sasa inadondoka tu kwenye ukingo wa bati. Ameniambia nimwambie yule mama arudie, taratibu.

Nimemwambia. Bibi Yudith amesimama, ameshika mgongo wa kiti chake. Hatazami ramani, hamtazami Bwana. Ananitazama mimi. Amesema mara moja, kwa Kiswahili chake, neno kwa neno kama siku ile. Amekaa.

Tusa ananionyesha kiatu chake.

Bwana ameuliza anasema nini. Ameivuta ile fomu ya zamani, kalamu yake iko kwenye mstari wa maji. Anauliza mara ya pili, anasema nini huyu mama, na mimi naweka kalamu chini, nasimama kutafsiri neno kwa neno.