Faini ya Nyumba ya Katuni

Nguvumali,
Tanga.
15 Juni 2025

Mpendwa Alexander, mtoto wa kaka yangu,

Marahaba naitanguliza, maana najua ungeniamkia. Hujambo huko Geita? Kifua kimepona, au bado unameza vumbi la mgodini? Sisi ni wazima, ila goti langu linaniuma kila mvua ikinyesha, na mvua haijakoma tangu Pasaka.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, na leo sikatizwi.

Jana mimi na baba yako mdogo Daniel tulikwenda Raskazone, kwa wazazi wa Ritha, kupeleka posa yako. Tulipewa chai ya maziwa na maandazi. Nikakusifu mpaka mate yakanikauka: fundi umeme, hanywi, kanisani hakosi. Mzee Yona, baba yake Ritha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia binti yake alete simu mezani.

Alexander, nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

Mle ndani ya simu, kwenye lile gemu lako, kuna bata kavaa koti. Kuna dubu muuza duka. Na wewe, mwanamume mwenye ndevu, umo humo na kofia nyekundu unamwagilia karoti! Karoti za katuni, na shamba la marehemu baba yako kule Lushoto limeota magugu hadi kiunoni. Hata hao wanaoshinda vibandani wakicheza gemu za mpira nawaona wapuuzi, lakini angalau hawaongei na bata. Mjukuu wangu Noa, wa darasa la pili, alilicheza hilo gemu lako wiki moja akaliacha, akasema ni la watoto. Noa, jamani!

Mzee akagusa kioo tena, tukaona nyumba. Ina mapazia, ina jiko, ina vitanda viwili vimesogezwa pamoja. Mlangoni majina mawili, lako na la Ritha. Binti mwenyewe akasema bila kuficha kwamba ndimo mnamokutana kila jioni tangu ulipohamia Geita, mwaka wa pili sasa, na kwamba mapazia aliyachagua yeye.

Mzee Yona akaiweka simu chini. "Mama, hebu nisaidie. Kama haya ni mambo ya kitoto, mimi binti yangu simpi mtoto. Kama ni ya watu wazima, basi kijana wako amekaa nyumba moja na binti yangu bila mahari, na kwetu hilo lina faini."

Umeona ulivyoniweka? Mimi niliyekuambia mwaka mzima kwamba gemu hilo ni la wanaonyonya vidole! Daniel akaangalia dari. Mama Ritha akaangalia maandazi. Ritha akaniangalia mimi, machozi yamemjaa.

Nikasema, "Ni ya watu wazima, Mzee. Ile ni nyumba yao. Faini tutalipa."

Ulimi bado unaniwasha kwa maneno hayo. Posa imepokelewa, mwanangu, na faini ni beberu mmoja. Beberu wa mnadani, mwenye kwato na harufu yake. Ukithubutu kuniletea wa kwenye simu, tusijuane.

Usidhani nimelainika. Gemu ni la kipuuzi na wewe ni mpuuzi kulicheza. Lakini niliona mtoto wa watu akikaribia kulia kwa ajili ya chumba kisicho na paa wala sakafu, kwa sababu ndicho pekee ulichompa. Alinisindikiza hadi getini akanishika mkono, akaniuliza kama kweli utakuja. Nilimwambia utakuja. Usinifanye mwongo mara mbili kwa siku moja. Omba likizo mwezi wa nane, uje umwoe.

Daniel anakusalimu, na shangazi yako Beatrisi pia. Nisalimie Mama Nasma anayekupikia, mwambie asikupe chakula mpaka uzime simu.

Mungu akujalie nyumba ya matofali, yenye bati linalovuja na watoto wanaopiga kelele, na mke wa kugombana naye ana kwa ana.

Mimi shangazi yako, nikupendaye hata kwa ujinga huo,
Consolata