Boke Alihesabu Pumzi za Mdogo Wangu

Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla hatujafika Homa Bay. Nimerudi Migori nikiwa na hasira, na hakuna wa kumlaumu.

Niandike nilivyoona, kwa mpangilio.

Mdogo wangu Okech ana miaka minne kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Osiri. Anakohoa. Amemeza dawa za TB mara mbili, na mara zote mbili makohozi hayakupimwa. Mtu wa machimbo akikohoa, watu hukisia TB na kumaliza maneno. Kila jioni hunywa maziwa, eti yanaosha vumbi kifuani.

Kwa miaka miwili nimemuuliza hali yake. Jibu ni lile lile: "Niko sawa, dada." Ana sababu. Kule anayekiri kuishiwa pumzi hupewa koleo, kazi ya ujira mdogo, na mashine inapata mtu mwingine.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimewafanya madiwani waseme wasiyokusudia kusema. Okech alinishinda.

Leo nilimpeleka kliniki ya kifua kule Homa Bay. Tulipokewa na Boke, tabibu kutoka Ntimaru, kijana kiasi cha kuweza kuwa binti yangu. Hakumuuliza kama anakohoa. Alimshika kifundo cha mkono kana kwamba anapima mapigo, kumbe alikuwa akitazama kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima. Pumzi ishirini na nane, nyingi mno kwa mtu aliyetulia. Baadaye aliniambia kwamba mtu akijua anahesabiwa pumzi, huzibadilisha.

Kisha akauliza, "Baba Apiyo, kutoka kwa mashine hadi kwa mama wa chapati, unasimama mara ngapi?"

"Mara tatu," Okech akasema. "Siku hizi ni mara nne. Najifanya napiga simu."

"Unampigia nani?"

"Hakuna mtu. Simu yenyewe haina chaji."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kikamletea kikohozi, Boke akangoja kiishe. Halafu Okech akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa: analala ameketi, ameegemea ukuta. Hawezi tena kumbeba binti yake, Apiyo.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Nilimwonea Boke wivu.

Makohozi yalipimwa. Hakuna TB. Picha ya kifua ilionyesha makovu ya vumbi, kulia na kushoto. Boke hakumficha: makovu hayo hayafutiki, na maziwa huenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo ya kufungua njia za hewa, akamfanya airudie mbele yake mpaka akaipatia.

"Ukirudi kwa vumbi, hii haitakusaidia," akamwambia. "Utaacha mashine?"

Okech akaigeuzageuza ile dawa mkononi.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Maneno hayo hayo nimemwambia sijui mara ngapi. Kabla hajafungua mdomo nilitaka amjibu Boke alivyozoea kunijibu mimi. Nilitaka akatae, ili Boke naye ashindwe. Nilijua wa kuumia ni Okech, na nilijua ataumia mapafuni. Bado nilitaka.

"Nitaacha, daktari," akasema. "Ijumaa nawaambia."

Nilimshukuru Boke kwa adabu zote. Tulipofika nje ya lango Okech akaniangalia. "Nyaminwa, dada yangu, mbona umenuna? Si ni wewe umenileta?"

Nikamwambia nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Jumatatu nitakwenda Osiri kuona nani anaendesha ile mashine. Nikimkuta ni yeye, nataka niumie kabla sijafurahi kwamba Boke naye ameshindwa. Leo siwezi kuapa kwamba itakuwa hivyo.