Vijiti vya Gwennol

Porthennis, 3 Juni 1956

Kwa mjukuu wangu Jory,

Hujambo huko Plymouth? Unakula? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika na kuku wawili wamekufa. Anayeandika ni Tamsin wa posta. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikitukana analainisha. Tamsin, usilainishe.

Wiki tatu zimepita tangu uondoke bila kuniaga. Mashua yetu Gwennol imelazwa bandani, ubavu umepasuka. Mkono wa Denzil, mpiga kasia mwenzako, bado umefungwa. Chama cha mashua kimesema hutapiga tena kasia kwao, kwa sababu siku ya mashindano wewe ndiye uliyepachika vijiti vya kushikia makasia, na kijiti cha mbele kiligoma kuvunjika. Hapa hata mtoto anajua: cha nyuma mti mgumu, cha mbele msonobari, ili makasia yakigongana kijiti kivunjike, mtu na mashua wapone. Nilivichonga mimi, kama ninavyochonga tangu babu yako afe, nikavitia mifuko miwili. Wewe kichwa maji, ulichukua mfuko gani?

Nimechoka kulala na swali hili.

Bibi yako,
Keziah

Plymouth, 24 Juni

Shikamoo Bibi,

Sijambo. Kutwa napaka rangi meli za chuma, jioni vidole havikunjiki. Nakula.

Nilikosea mfuko. Chama kimefanya haki. Mwambie Denzil anisamehe. Habari ya mashua tuiache, Bibi, nakuomba.

Mjukuu wako,
Jory

Porthennis, 19 Agosti

Jory wangu,

Natumaini u mzima.

Kwanza nilinyamaza kwa hasira, kisha kwa aibu. Denzil alikuja kula mkate wa zafarani, akaja na kile kijiti kilichogoma mfukoni. Nikamwambia, "Hebu lete." Akacheka, "Na hicho utakila, Bibi?" Nikapapasa kichwa cha kijiti: mkato mmoja, alama yangu ya msonobari. Nikakiuma. Jino ndilo likaniuma. Mti mgumu, Jory! Mfuko ulikuwa sahihi, kijiti ndicho kilichokuwa cha uongo.

Ni macho. Tangu baridi iliyopita naona kama maziwa yamemwagika. Sikumwambia mtu. Watu huja mlangoni kwangu kufuata vijiti tu. Wakiacha, nani atabisha hodi?

Jana nilikwenda kwenye mkutano wao, nikasema aliyepasua Gwennol ni mimi. Wanaume wazima wakatazama viatu. Kiti chako mashuani kipo.

Lakini mfuko hukukosea. Mbona ulijisingizia?

Bibi

Plymouth, 26 Agosti

Shikamoo Bibi,

Barua yako niliisoma nimesimama.

Nilikiminya kijiti kwa ukucha kabla hatujashuka majini, kama ulivyonifundisha. Ukucha haukuingia. Nilijua. Ningesema, wangekuita ujieleze pale ufukweni mbele ya kijiji kizima. Nikajiambia, mbio moja tu, jioni nitakibadilisha kimyakimya. Kisha tukafika kwenye boya, tukagongana na mashua nyingine.

Mkono wa Denzil niliuvunja mimi, si macho yako. Siwezi kukaa kwenye kiti hicho.

Jory

Porthennis, 2 Septemba

Jory, mjinga mkubwa,

Salamu baadaye. Ulinionea huruma ukavunja mkono wa mtu! Ungesema, ningeona aibu, ningekutukana, tungekwenda nyumbani kunywa chai. Huruma ya namna hiyo usiniletee tena.

Nilimwambia Tamsin amsomee Denzil barua yako. Denzil akasema, "Basi atanibebea kasia langu mpaka Krismasi, na asithubutu kulalamika." Gwennol inawekwa ubao mpya. Jumamosi watu sita wanahitajika kwenye makasia, wapo watano.

Mimi nimechoka, mwanangu, lakini mikono bado inataka kazi. Kwenye bahasha hii kuna kijiti nilichochonga jana. Tamsin anasema ni msonobari, ila Tamsin unamjua, hupenda kulainisha mambo. Kiminye kwa ukucha. Usipoingia, njoo uniambie usoni, mbele ya watu wote.

Ukiingia, kilete.

Bibi yako,
Keziah