Wanataka Nilifungue Jiwe

Nyumbani, Gongoni

Mwanangu Dzombo,

Pokea salamu za mama yako. U mzima, baba? Kile kifua kinachokubana penye vumbi kimepoa, au huko kaskazini kampuni ilikokuhamishia na mitambo yake ni vumbi tupu? Na chakula, unakula kwa wakati? Sisi huku wazima wa mwili. Wanao wananenepa, na mdogo homa imemwacha. Nimekupigia simu hata anayenichajia amenihurumia, hupatikani, ndipo nikashika kalamu. Mwandiko usiucheke.

Mwanangu, ule moto wa kisima cha gesi umefifia. Ulianza ukiunguruma, usiku tukiona hata kuku wamelala wapi. Sasa ni kama wa koroboi. Kampuni imefunga lango na vijana wote wameachishwa. Walirudi kuomba kazi yao ya zamani kwenye mashamba ya chumvi, wakakuta wengine wamekwisha kuandikwa. Nao hawajasahau kuwa ni wewe uliyesimama barazani ukawaambia jiwe la chini hapa lina nyufa, gesi itatoka.

Juzi waliitisha baraza tena, nikajaribu kuwaeleza kama ulivyonieleza jikoni ukinionyesha mtungi wetu. Kwamba jiwe lile ni gumu, na gesi imo ndani yake kama maji ndani ya udongo wa mtungi, hutoka kidogo kidogo kama jasho. Penye ufa ndipo humwagika. Basi iliyokuwa kwenye nyufa imetoka mbio, na iliyo ndani ya jiwe haiwezi kuifuata kwa kasi ile. Tena gesi ikipungua, uzito wa ardhi huzibana nyufa zenyewe. Ngowa, huyu mtoto wa jirani niliyemkanda miguu alipozaliwa, akasema kumbe mama Dzombo amekuwa injinia wa mitungi, tumpigieni kura. Watu wakacheka. Kicheko kilipokatika akasema Dzombo amekula na kampuni, gesi yetu imepitishwa kwingine, na nyumba yake ile pale, ina mke na watoto, nayo itawaka vizuri kuliko kisima chake.

Hakuna aliyemkanya, baba. Niliwatazama wazee mmoja mmoja. Wakaangalia chini.

Ndipo nikasimama nikasema wamwache Dzombo, gesi nimeifunga mimi.

Waliamini upesi mno. Mvi zangu zilikwisha kunishitaki zamani, walikuwa wakingoja nikubali tu. Unajua wanavyofanyiwa wenye mvi huku kwetu wakishaitwa wachawi. Wamenipa hadi mwezi uandame niifungue, moto uungurume tena. La sivyo, alisema Ngowa, nisije nikawalaumu.

Nyevu mkeo hakuwako barazani, na hajui. Nimemwambia awachukue watoto waende kwa dadake Mtwapa, mdogo abadili hewa, na barua hii aitie posta akifika. Mimi sendi nao. Tukiondoka sote watatufuata njiani. Wakiniona kizingitini kila asubuhi nikifagia, hawatamtafuta mwingine.

Sasa nakuuliza wewe uliyesomea mawe. Nyufa zikishabanwa hufunguka tena? Uliwahi kuniambia iko mitambo ya kusukuma maji kwa nguvu hadi jiwe lipasuke. Yaweza kufika kabla ya mwezi? Nimekwenda mara nyingi kusimama langoni pale, nikauweka mkono chini kwenye mchanga, nikasema fungukeni. Mimi, mwanangu, nisiyejua dua ya kumtuliza hata mbuzi.

Kama mitambo yaweza kuja, njoo nayo. Kama haiwezi, usije. Nakuapisha kwa maziwa uliyonyonya, usije. Nenda Mtwapa kwa wanao.

Nisalimie wenzako wa kazini, na usiku ujifunike kifua. Ule mtungi nimempa Nyevu, ameufunga kwa leso yangu. Alipouliza nitakunywa maji kwa chombo gani, nikamwambia kata inanitosha. Nimeukagua pande zote, hauna ufa.

Ni mimi mamako,
Kahaso