Nilimchora Mwalimu wa Nasari Kwenye Ukuta wa Matairi

Mpendwa mshauri, naomba msaada upesi, maana Ijumaa iko karibu na mimi nimemharibia mtu jina kwa brashi yangu mwenyewe. Naitwa Levis, nina miaka thelathini na moja, nilikuja Lodwar kutoka Kitale mwaka wa 2009 na kazi yangu ni kuchora matangazo kwenye kuta za maduka, na bila kujisifu, ukiona chupa ya soda ukutani hapa mjini ukahisi kiu, ujue huo ni mkono wangu.

Baada tu ya uchaguzi wa mwezi wa tatu, mfanyabiashara anayeitwa Kiprop alifungua duka la matairi na spea za pikipiki kwenye barabara ya Kalokol, akanipa ukuta mzima wa ubavuni, akanipa na ukurasa aliouchana kwenye jarida, mwanamke amelala juu ya pikipiki akiwa na chupi na sidiria peke yake, akaniambia, "Nataka hii. Mwanamume akipita hapa asimame." Sikushangaa, kwa sababu nimechora wanawake wa namna hiyo mara nyingi, wa betri, wa bia, hata wa mabati, wala sijawahi kujiuliza mwanamke na mabati wapi na wapi. Mwili niliunakili vizuri, lakini uso kwenye ule ukurasa ulikuwa umekunjika hauonekani, na mimi nisichokiona siwezi kukichora, basi nikachora uso ninaoujua hata nikifumba macho, uso wa Akeno.

Akeno ni mwalimu wa nasari, tunaimba kwaya moja kanisani, na kusema ukweli, mshauri, kwa miaka miwili nimemtazama yeye kuliko kitabu cha nyimbo, ila sijawahi kumwambia lolote. Nikaweka lile pengo lake la meno ya chini, nikaweka na alama ndogo iliyo juu ya jicho la kushoto, Kiprop akataka nipunguze weusi ili uso ulingane na mwili, nikapunguza. Nilipomaliza niliona sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo, na nilidhani Akeno akikiona atafurahi.

Hazikupita siku mbili. Vijana wa bodaboda walianza kumwita "Tairi Mpya" akienda kazini, mzazi mmoja akamtoa mtoto wake nasari akisema mwalimu anajiuza ukutani, na kamati ya shule ikamwita Ijumaa hii aeleze alipigwa picha hiyo wapi. Juzi alikuja mwenyewe dukani, mchana, watu wamejaa, nami niko juu ya ngazi naandika namba ya simu ya duka. Nikamsalimia, "Ejok, mwalimu." Akaunyoshea ukuta kidole.

"Levis, huo mwili ni wa nani?"

"Wa kwenye jarida."

"Na uso?"

Nikachovya brashi kwenye kopo, ingawa ilikuwa na rangi tayari.

"Umenikata kichwa ukakiweka juu ya mwanamke mwingine, ambaye pia hukumwuliza," akasema. "Halafu ukaninyang'anya na rangi yangu. Ijumaa saa nne uje mbele ya kamati useme. Usipokuja nitasema mwenyewe, lakini nitakuwa nimejua wewe ni mtu gani."

Akaondoka bila haraka, kichwa juu, na wale vijana hata mluzi ukawashinda.

Sasa Kiprop anasema ukuta ni wake, wanaume wanasimama kweli, na nikiugusa nisahau kuta mbili alizoniahidi kwenye duka lake jipya la Kakuma. Mimi nimefikiria hivi, nibadilishe uso tu, niweke mwingine wowote, Kiprop abaki na tangazo lake, mimi nibaki na Kakuma, na Akeno nimnunulie kitenge kizuri cha kumwomba msamaha. Je, hilo halitoshi? Na Ijumaa ni lazima niende, au naweza kuandika barua?

Levis, Lodwar

MAMA AKIRU ANAJIBU

Levis, barua yako ilinifikia Jumanne na gazeti letu hutoka mwisho wa mwezi, kwa hivyo nilikupigia simu siku hiyohiyo. Nachapisha hapa yale niliyokuambia kwa sababu wachoraji wako wengi, na wenye maduka ni wengi zaidi. Akeno nilimwuliza kama nimfiche kwa jina lingine. Alinijibu, "La. Mimi sikufanya kosa."

Pole kwanza. Dhamiri unayo, imechelewa tu kuamka. Lakini unauliza kama kubadilisha uso kunatosha. Utaweka uso wa nani? Wa dada yako wa Kitale? Nilikusikia kwenye simu ulivyoshtuka. Kila uso ni wa binti ya mtu, Levis, hata ule uliokunjika kwenye jarida.

Nikakuuliza kuhusu wagombea uliowachora kabla ya uchaguzi. Ukaniambia kila mmoja alikuletea picha aliyoichagua, amevaa koti, akasimama nyuma yako mpaka pua ikatoka sawa. Basi yule mwanamke wa matairi alisimama nyuma yako lini?

Usinielewe vibaya, sisemi mwili wa mwanamke ni aibu. Bibi zetu huku walitembea kifua wazi na shanga shingoni, wakachota maji mto Turkwel, na hakuna aliyewaita tairi. Mwili ulikuwa wao. Huu wa ukutani umefanywa chambo cha kuuzia matairi, na mwalimu wa watoto ndiye aliyelipia.

Nilikuambia kitenge ukiache dukani, hili si kosa la kummwagia mtu chai kwenye nguo. Nilikuambia Alhamisi umwendee Kiprop uso kwa uso, umwambie mwenye sura hakukubali na anaweza kwenda kwa chifu, nami nitamsindikiza. Kisha uchukue chokaa ufute ukuta wote, kuanzia kichwani hadi vidoleni. Na Ijumaa uende kwa miguu yako. Barua haiwezi kuulizwa maswali.

Ulifanya, na hilo nakupongeza. Kiprop alipiga kelele nusu saa, lakini aliposikia habari ya chifu alikusogezea ndoo mwenyewe. Ijumaa ulisimama mbele ya kamati, mwenyekiti, Mzee Ereng, akakuuliza, "Mwalimu alijua?" ukajibu, "Hakujua. Ni mimi nilimwiba." Akeno hakungoja pole ya mtu. Aliitaka kamati iende kwa yule mzazi siku hiyohiyo imweleze ukweli, ikaenda, na Jumatatu mtoto alikuwa darasani. Kazi ya Kakuma amepewa mchoraji mwingine. Umeikosa, na ulistahili kuikosa. Mkono wako ni mzuri, utapata nyingine. Ukiletewa tena ukurasa wa namna ile, rudisha ukurasa.

Sasa umenitumia ujumbe mwingine, unauliza kama huu ndio wakati wa kumweleza Akeno yaliyo moyoni. Jibu langu ni hapana. Unasema baada ya kikao ulimwomba msamaha naye akakusamehe, na ukimpelekea mapenzi wiki hiyohiyo, ataona ulimwomba msamaha ili umpate. Nenda kwaya, imba sauti yako, rudi nyumbani. Ngoja mpaka siku atakapokuja mwenyewe kuzungumza nawe, bila kusukumwa na mtu. Ikichukua mwaka, ngoja mwaka. Isipokuja kabisa, ni haki yake, na wewe utaendelea na kazi yako.