Siku Watu wa Saa Tulipowasubiri Watu wa Reli

Duka la Saa, chumba cha nyuma,
mkabala na mnara.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuacha? Sisi wazima. Magoti yangu tu ndiyo yananinunia, na sababu utaiona huko mbele. Mama hajambo, ila anasema umekonda kwenye picha. Nimemwambia ni picha ndiyo iliyokonda.

Barua yako ilinichekesha. Ati huko kila mtu anajiita Mtoto wa Mjini, hata mwenye nyumba wako asiye na jino hata moja. Na wewe wakikuuliza watu wa kwenu mnajiitaje, ukisema Watu wa Saa, wanatazama mkono wako usio na saa. Unaniuliza uwajibu nini. Ngoja nikusimulie harusi ya mpwa wetu, jibu limo humo.

Kama ujuavyo, mchumba wake ni wa mji wa pili, wale wanaojiita Watu wa Reli. Reli yenyewe iling'olewa kabla hatujazaliwa, lakini wao mpaka leo wanasalimiana kwa kupaza sauti, kama vile kuna treni inapita.

Siku walipokuja kujitambulisha, baba mdogo wa kijana, muuza nyama mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alichungulia dirishani. "Jamani, Watu wa Saa, mnara wenu unasema saa kumi na dakika kumi. Mbona tangu asubuhi ni hivyo hivyo?"

Shemeji yetu, baba wa bibi harusi, akamjibu, "Na treni yenu inaingia saa ngapi, tuje kuipokea?"

Sote tulicheka, ila shemeji hakucheka. Unamjua. Miaka yote amesimamia mitihani, na mwanafunzi akichelewa nusu saa hamfungulii mlango, awe mtoto wa nani. Wageni walipoondoka akanigeukia. "Fundi, saa hiyo itembee kabla ya harusi. Sitaki kuchekwa mara mbili."

Ufundi wangu unaujua. Siku hizi natia betri tu na kubadilisha mikanda. Lakini nilipanda mnarani, na kumbe kilichoikwamisha saa yetu ni kiota cha njiwa. Nikakitoa, nikapaka grisi, saa ikaanza kutembea. Nikashuka kifua mbele.

Mji ukaharibika. Unakumbuka kwetu kila shughuli ilikuwa ya saa kumi na dakika kumi: unafika unapofika, unatazama juu, umewahi. Sasa kinyozi, mtu ambaye hakuchelewa popote tangu azaliwe, akachelewa kufungua duka lake mwenyewe, akakuta wateja wamekunja nne wanamsubiri. Jirani yangu mshona nguo hakunificha. "Fundi, zamani nilikuwa nafika tu. Siku hizi nachelewa. Umenifanyia nini?"

Basi siku ya harusi ikafika. Ndoa ilikuwa ifungwe ukumbini, chini ya mnara, saa kumi na dakika kumi, kwa heshima ya mazoea. Watu wa Saa tulikuwa tumeshakaa. Watu wa Reli hawaonekani. Tukipiga simu, muuza nyama anasema wapo hapo karibu tu, na nyuma yake tunasikia mtu anaomba jeki.

Shemeji akasimama mlangoni, ufunguo mkononi. "Nusu saa ikipita nafunga. Mtu anayechelewa harusi yake mwenyewe atawahi nini?" Dada yetu akambembeleza, wapi. Alikuwa anautazama mnara kama anayesubiri kukusanya karatasi za majibu.

Mpwa wetu alikuwa chumba cha pembeni, machozi yapo tayari, anayazuia kwa ajili ya wanja. Aliponiona akasema polepole, "Mjomba, hiyo saa uliitengenezea nini?"

Nikapanda tena mnarani, na hapo ndipo magoti yalipoanza kuninunia. Muda uliobaki ulikuwa mdogo sana. Nikaurudisha mshale mrefu nyuma, taratibu, mpaka pale ulipozoea kukaa, kisha nikachomoa pini, mashine ikanyamaza. Mji mzima ulikuwa chini unatazama mishale ikirudi nyuma mchana kweupe.

Dada ndiye aliyenisimulia alichofanya shemeji. Alitazama mnara. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo mimi mwenyewe niliitia betri juzi. Akatazama mlango wa chumba alichokuwamo binti yake. Halafu akaushusha mkono wa shati, ukaifunika saa, na ufunguo akautia mfukoni.

Jua lilikuwa linazama walipoingia, wote juu ya lori la mchanga, bwana harusi ana vumbi mpaka kwenye kope. Muuza nyama akaruka chini kwa shida. "Ndugu yangu, tusamehe, basi letu liliharibika na..."

Shemeji akanyoosha kidole juu. "Saa kumi na dakika kumi. Mmewahi. Ingieni."

Muuza nyama aliutazama mnara, na safari hii hakucheka. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, "Watoto wakizaliwa tusigombane. Wajiite Watu wa Saa."

"Tutaliongelea," shemeji akasema. "Hatuna haraka."

Tangu siku hiyo sijapanda tena, na njiwa amesharudi na vijiti vyake. Kinyozi anawahi kila mahali. Kwa hiyo wakikuuliza tena, waambie hao Watoto wa Mjini kwamba kwetu saa ndiyo inayosubiri watu.

Mama anakusalimu na anasema ule. Dada na shemeji wanakusalimu, na mpwa wako na mumewe pia, ingawa salamu za mume ni za kupaza sauti. Mungu akutunze huko uliko na akurudishe salama. Ukija, usihangaike kutuambia utafika lini. Utakuwa umewahi.

Wako akupendaye,
kaka yako, Fundi